Taa ya MAINT REQD kwenye Corolla: maana yake na namna ya kuizima

Magari ya Toyota Corolla ya mwaka 2009 hadi 2013 yaliyouzwa Marekani huwasha maandishi MAINT REQD (kifupi cha Maintenance Required, yaani gari linahitaji sevisi) kwenye dashibodi, na wenye magari hunijia wakidhani injini imekufa. Taa hii haionji oili wala haijui hali yake. Inahesabu umbali tu. Zikitimia maili 4,500, yaani takriban kilomita 7,200, tangu hesabu ilipoanza, taa humetameta kwa sekunde chache unapofungua swichi, na zikifika 5,000 huwaka moja kwa moja. Usiichanganye na taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili, ambayo ikiwaka injini inanguruma unatakiwa kuegesha na kuzima gari papo hapo.

Sevisi itangulie, kwa kuwa kuzima taa bila kugusa gari ni kujidanganya. Kwa injini zinazotumia oili ya sintetiki ya 0W-20, Toyota huruhusu hadi maili 10,000 au mwaka mmoja, hivyo taa ya maili 5,000 yaweza kuwa inakukumbusha tu kukagua gari na kubadilishana matairi nafasi; lakini gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi au linalovuta tela, mimi humwaga oili na kubadilisha filta kila maili 5,000 bila mjadala.

Baada ya hapo, fungua swichi hadi ON na ubonyeze kitufe cha kipimo cha safari mpaka kioo kionyeshe TRIP A. Zima swichi kabisa.

Sasa bonyeza kitufe hichohicho na, bila kukiachia, fungua tena swichi hadi ON. Usipige stata, maana injini ikiwaka zoezi lote linafutika. Endelea kukishikilia mpaka tarakimu ziwe 000000 na taa izimike, ndipo uachie.

Taa ikigoma, mara nyingi kioo kilikuwa kwenye ODO (jumla ya umbali wa gari) au TRIP B, au kidole kilichoka mapema. Zima swichi na urudie tangu mwanzo.

Ukimwaga oili kabla taa haijawaka, irudishe hesabu kwenye sifuri vilevile, kwani usipofanya hivyo itaendelea kutoka ilipofikia na kukuwakia oili ikiwa bado mpya.