Vifaa vya kupiga kambi porini kutoka Mombasa: anza na gurudumu, hema baadaye

Kijana wa jirani yangu hapa Kisauni amenunua Hilux ya mtumba, na sasa anataka kwenda na wenzake watatu kulala upande wa mto Galana. Alinijia na orodha ameiandika kwenye simu: friji ya gari, taa za kuzungushia hema, viti vya kukunja, spika. Jeki haikuwamo. Nilipomuuliza akasema, "Si iko kwenye gari, ami?" Tukaifuta orodha tukaanza upya uani kwao, na mpangilio tuliofuata ndio huu.

Safari ninayoizungumzia ni ile ya kuacha lami ukipitia Buchuma, Voi au Malindi, ukakaa siku mbili tatu mahali pasipo fundi wala mtandao wa simu. Ukiwa ndani ya hifadhi ya Tsavo huruhusiwi kutoka nje ya njia, na unalala kwenye kambi zilizotengwa tu. Nasema mapema kwa sababu wako wanaodhani gari la 4x4 ni ruhusa ya kukata vichaka.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito

Watu wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Maji lita 80 ni kilo 80. Hapo hujaweka hema, chakula wala mafuta ya akiba, na tayari unakaribia kilo 400. Soma kijitabu cha gari ujue linabeba kiasi gani, kisha toa vitu. Sisi tulianza na spika.

Hatua ya 2: Gurudumu

Njia za Tsavo ni udongo mwekundu na mawe, na migunga ya kando yake ina miiba ya kutoboa tairi jipya. Fungasha ukijua pancha itatokea.

Anza kwa kuteremsha spea. Watu wengi huiruka kazi hii, na hakuna inayokula saa nyingi kama hii ikikukuta porini. Kwenye Hilux na pikapu nyingi, spea imening'inia chini ya bodi kwa mnyororo. Unaiteremsha kwa kupitisha fimbo ndefu kwenye tundu la nyuma, halafu unazungusha. Gari linalolala bara linaweza kukaa miaka na mtambo huo ukabaki mzima. Letu hulala kwenye upepo wa bahari. Kusi ikivuma chumvi inaingia kila pembe, kutu inajenga, kisha vumbi la safari linaganda juu yake. Niliwahi kukaa na wenzangu njia ya Sala, lango la Tsavo la upande wa Malindi, tangu adhuhuri mpaka magharibi, tairi la nyuma limechanika, spea tunaiona, tunaigusa, na haitoki. Fimbo inazunguka, mnyororo umetulia tuli. Tulikuja kuukata kwa msumeno wa chuma tulioazimwa na dereva wa lori, na meno ya msumeno yalikuwa yamekwisha kama ya bibi.

Kwa hiyo, ukiwa bado nyumbani:

Tafuta fimbo kwanza. Huwa imekatwa vipande vya kuunganisha na hufichwa karibu na jeki, nyuma au chini ya kiti. Gari la mtumba mara nyingi limeshapoteza kipande kimoja, na kipande hicho hakina mbadala wa maana. Unganisha vyote, zungusha mpaka spea ilale chini kabisa, uivute nje. Mnyororo ukigoma, upulizie dawa ya kulegeza kutu, uache ulale nayo, ujaribu asubuhi. Ukigoma tena, usiupige nyundo. Mpelekee fundi akubadilishie mtambo wote. Ukishuka, sugua mnyororo kwa brashi ya waya na uupake grisi nzito. Rudia kila baada ya masika.

Sasa kagua spea yenyewe. Ukubwa uwe sawa na wa magurudumu mengine, maana wauzaji wa magari ya mtumba hupenda kubandika chochote cha mviringo. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, tafuta tarakimu nne: 2319 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea inaweza kuwa na kashata (meno ya tairi yanayokanyaga njia) nzima na bado ikawa imezeeka ikapasuka-pasuka ubavuni. Jaza upepo kupita kidogo kiasi cha kawaida. Kupunguza porini ni kazi rahisi, kuongeza ndiyo shughuli.

Mimi spea siirudishi chini. Naifunga juu ndani ya bodi, ingawa inakula nafasi. Hata mtambo ukiwa mzima, gari likizama mchangani kwa nyuma na tairi likiwa limelala, spea haina pa kushukia. Itabidi uchimbe kwanza, na kuchimba kwenye jua la Tsavo si mchezo.

Halafu jeki. Ile ya gari inafaa, mradi umeijaribu. Mimi naongeza jeki ya chupa ya tani 3 au zaidi, lakini ipime: tairi likiisha upepo ekseli inashuka, na jeki ndefu haitaingia chini yake. Toa upepo tairi moja hapo uani uone kama inapita. Chini ya jeki weka ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4. Bila ubao, kwenye mchanga gari litabaki pale pale na jeki ndiyo itakayoshuka. Zile jeki ndefu nyekundu ambazo vijana wanazifunga juu ya gari kwa urembo sizitaki. Zinahitaji bampa la chuma la kunyanyulia, magari mengi ya leo yana bampa la plastiki, na mpini wake ukikuponyoka unaweza kukuvunja taya.

Spana ya nati iliyokuja na gari, ile iliyopinda, mpe mtu unayemdai. Nunua soketi inayoshika nati zako sawasawa (kwenye Hilux aghalabu ni milimita 21) na mpini wake mrefu, pamoja na kipande cha paipu cha kuurefusha. Nati za gari la pwani hushikana kwa kutu, na karakana nyingi huzikaza kwa mashine kuliko nguvu ya binadamu. Zifungue zote nyumbani, uzikaze upya kwa mkono. Kama rimu zina nati moja ya kuzuia wezi, hakikisha ufunguo wake umo garini, au afadhali uiondoe kabisa.

Kubadilisha gurudumu unajua. Nakumbusha mawili tu. Breki ya mkono ya Hilux inashika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukinyanyua nyuma weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Na gurudumu uliloling'oa lilaze chini ya fremu, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na si mguu wako. Baada ya kilomita 50 hivi kaza nati tena.

Pancha ya kwanza inakula spea. Ya pili ndiyo inayokulaza njiani, kwa hiyo beba vifaa vya kuziba tairi lisilo na tyubu: ile sindano yenye meno kama tupa, sindano yenye jicho, na nyuzi za mpira zenye gundi. Nunua zenye mpini wa chuma wa umbo la T, kwa sababu mpini wa plastiki utavunjikia kiganjani. Usichomoe mwiba mpaka kila kitu kiko tayari mkononi. Chomoa, sugua tundu kwa sindano ya meno, pitisha uzi kwenye jicho mpaka nusu, sukuma hadi zibaki ncha mbili fupi nje, kisha vuta sindano kwa nguvu mara moja. Kata ncha, jaza upepo, paka maji ya sabuni utazame mapovu. Tundu kubwa litameza nyuzi mbili, hata tatu. Uzi huu ni wa sehemu ya kashata. Ubavuni unaweza kukutoa porini kwa mwendo wa kobe, lakini tairi hilo usiliingize barabara kuu ya Nairobi.

Mwisho ni kompresa. Zile ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya sigara zinavuta umeme mwingi, na tairi la pikapu ni kubwa. Fyuzi inaungua ukiwa bado nusu. Nunua ya kubana moja kwa moja kwenye betri, na injini iwe inanguruma wakati wa kujaza. Kipimo cha upepo kiwe chako cha mkononi, usikiamini kilichobandikwa kwenye kompresa. Ongeza viini vya valvu na kifunguo chake, ni vitu vidogo vya bei ya chai.

Hatua ya 3: Kujinasua

Kifaa cha kwanza cha kutoka mchangani tayari unacho: upepo wa tairi. Shusha mpaka 18 psi, endesha polepole bila kukata kona kali, na ujaze kabla ya kurudi lami. Wengi wanaoita msaada wangetoka kwa hilo peke yake.

Pili ni beleshi lenye mpini wa kawaida. Yale ya kukunja ya dukani ni ya kupigia picha. Tatu, mkanda wa kuvutia gari wenye uzito uliothibitishwa, na shakeli mbili zilizochapwa tani 4.75. Kamba ya kufungia mizigo kutoka Kongowea inafaa kwa turubai, si kwa gari. Na mkanda usiufunge kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Funga kwenye ndoano iliyoshikwa na fremu, na watazamaji wakae mbali.

Udongo mweusi wa delta ya Tana ukinyeshewa hauna mjadala, vifaa vyote hivi havitoshi. Subiri ukauke.

Hatua ya 4: Mfuko wa spana

Seti ya spana za milimita, bisibisi, plaizi, nyundo, tepu ya umeme, waya laini, vibano vya hosi. Fyuzi za kila rangi. Fanbelti na hosi za rejeta za gari lako hasa. Oili lita mbili. Waya nene za kujampia betri. Hapa sina la kuongeza. Fundi wako anajua kinachokufa kwenye injini yako, muulize yeye.

Hatua ya 5: Maji, moto, mwanga

Maji lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya rejeta. Yagawe kwenye mitungi miwili au mitatu, ili mmoja ukipasuka msikauke wote. Galana ina mamba na viboko, na maji yake ni matope, kwa hiyo usiuhesabu. Chupa za plastiki za kutupwa ziache nyumbani: tangu Juni 2020 haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Friji niliikataa. Mitungi ya lita tano iliyogandishwa, ndani ya kasha la barafu, itakutunzia samaki na nyama siku mbili, kisha unayanywa maji. Kupikia, mtungi wa gesi wa kilo 6 uliofungwa wima. Usitegemee kuokota kuni ndani ya hifadhi. Tochi ya kichwani kwa kila mtu, kwa sababu kubadilisha tairi huku umeuma simu kwa meno ni dhiki.

Hatua ya 6: Dawa na mawasiliano

Bendeji pana, dawa ya kusafishia jeraha, chumvi na sukari za kuharisha, dawa za mtu anayetumia kila siku. Viatu vya kufunika mguu usiku, maana kifutu hakimbii, analala njiani umkanyage. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mvue pete na saa, mtulize, kiungo kisitikisike, umkimbize hospitali. Kwa Tsavo Mashariki, hospitali ya rufaa ya Moi iko Voi.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka, na umwachie mtu wa nyumbani njia yako kwa maandishi, pamoja na saa ambayo akikukosa apige simu kwa wahifadhi wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Hatua ya 7: Kupakia

Vizito chini na karibu na kebini, kila kitu kwa kamba. Jeki, ubao, spana ya nati, beleshi na kompresa viingie mwisho, karibu na mlango wa bodi, visifunikwe na chochote. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka ovyo, na pancha ikikulazimisha, mmoja anafanya kazi na mwingine anaangalia vichaka. Hutaki wakati huo uwe bado unashusha masanduku ya vyombo kutafuta jeki.

Jaza tangi Voi, au Malindi kama unapitia Sala. Ukifika Mariakani simama, guza nati, kaza kamba, ndipo uendelee.