Makala ya Kiingereza Imekushinda? Fukua Vitenzi

Jumamosi huwa nasoma na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya. Wengi huja na makala ya kitaaluma iliyopakwa rangi ya njano kuanzia mstari wa kwanza, kamusi iko kwenye simu, na bado aya moja inawala saa nzima. Nawaelewa. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri makala nzima neno kwa neno pembeni mwa ukurasa, nikafika mwisho bila kujua inadai nini.

Hatua ya 1. Usianzie mwanzo. Soma ikisiri (muhtasari mfupi ulio mwanzoni), ruka hadi hitimisho, kisha tazama majedwali. Mbinu za utafiti zisubiri.

Hatua ya 2. Andika sentensi moja kwa Kiswahili, au Kijaluo ukipenda: makala hii inadai nini? Ukishindwa, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3. Sasa fukua vitenzi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. Nimetunga sentensi hii kwa mtindo wa majarida:

“The obstruction of fishing grounds by the proliferation of water hyacinth has resulted in a reduction in catches.”

Kitenzi chake, “has resulted in”, kinasema tu “imesababisha”. Vitendo vyenyewe vimejificha ndani ya nomino: “obstruction”, “proliferation”, “reduction”. Pigia mstari maneno yanayoishia kwa -tion, -ment au -ance, kisha uliza kila moja: nani kafanya nini? Anza na kilichotokea kwanza, ambacho hapa kimezikwa katikati ya sentensi: magugumaji yameenea, yakaziba sehemu za kuvulia, samaki wanaovuliwa wakapungua. Mvuvi wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, angekuambia hayo kwa pumzi moja.

Mchezo huu unaujua. Redio ikitangaza kwamba “upungufu wa mvua umesababisha ongezeko la bei ya unga”, hukimbilii kamusi. (Neno kama “population” linaishia kwa -tion lakini halifichi kitendo chochote, lipite.)

Hatua ya 4. Ndipo uguse msamiati. Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha mwaka 2000 orodha ya makundi 570 ya maneno yanayorudiarudia katika maandishi ya kitaaluma, takriban neno 1 katika kila 10. Anza na hayo. Istilahi za somo lako mhadhiri atazieleza; haya huyapita akidhani unayajua. Na usiamini sana neno unalolijua: kwenye takwimu, “significant” si “muhimu”. Ni kwamba tofauti iliyoonekana ni vigumu kuisingizia bahati tu.

Hatua ya 5. Zungushia “may”, “suggest” na “appear”. Hapo mwandishi anajikinga. Akisema “suggest” nawe ukaandika “imethibitika”, alama zitakatwa, na mhadhiri hatakuwa amekuonea.