Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kwenye Mashindano ya Scrabble

Mlezi wa chama cha Scrabble shuleni, au mzazi ambaye mtoto wake amechaguliwa kuiwakilisha shule, mara nyingi hukimbilia kununua ubao mpya na kusahau kwamba katika mchezo huu wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, kushinda au kushindwa hutegemea orodha ya maneno aliyoihifadhi mchezaji kichwani. Nimewafunza vijana hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na haya ndiyo ninayotaka yawe tayari kabla gari halijatoka stendi.

Vihesabu vipande vya herufi kimoja kimoja: viwe 100, viwili kati yake vikiwa vitupu. Saa ya mchezo iwe na betri nzima, na mtoto azoee kucheza akiitazama, kwa sababu kila mchezaji hupewa dakika 25 kwa mchezo mzima na kila dakika anayozidisha humkata pointi 10. Kalamu ziwe mbili.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, yaani kuyapanga maneno. Usimkabidhi mtoto kamusi ya Kiingereza ukamwambia aisome kuanzia A, maana atachoka kabla ya kufika C na hatakumbuka lolote. Maneno ya Scrabble hujifunzwa kwa urefu kwanza, kisha kwa herufi zinazosumbua. Yaanze yale ya herufi mbili, ambayo katika orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno halali inayotumika kwetu, ni 127. Mtoto asiyeyajua yote hana sababu ya kusafiri, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomwezesha kulaza neno lake sambamba na neno jingine na kulipwa mara mbili. Ndani ya hayo 127, yaandike kando yale yenye herufi ghali, yaani zenye pointi nyingi: QI kwa Q, JA na JO kwa J, ZA, ZE na ZO kwa Z, AX, EX, OX, XI na XU kwa X. Ni maneno 11 tu, na mtoto anayeyamudu hataogopa tena kuishika Q mkononi. Mwambie pia kwamba hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V, ili asipoteze muda kulitafuta.

Fuata na ya herufi tatu, lakini usiyafunze peke yake. Yafunze kama maneno ya herufi mbili yaliyoongezewa herufi mbele au nyuma. ZO huzaa AZO na DZO kwa mbele, na ZOA, ZOO na ZOS kwa nyuma. Halafu tengeneza karatasi ya siku mbaya, ambayo upande mmoja una maneno yaliyojaa irabu, kama ADIEU, AUDIO, OURIE na MIAOU, na upande wa pili maneno yasiyo na irabu kabisa, kama NTH, TSK, CWM na CRWTH. Mtoto aliyezoea Kiswahili, ambamo karibu kila neno huishia kwa irabu, huyaona haya ya upande wa pili kuwa si maneno, na ndiyo sababu yanahitaji kurudiwa mara nyingi kuliko mengine.

Kwenye Q isiyofuatwa na U, hata hivyo, watoto wetu wana mtaji ambao walimu wengi hawaugusi. Sehemu kubwa ya maneno hayo yametoka Kiarabu, kulikotoka pia maneno yetu mengi ya Kiswahili: QADI ni kadhi, QIBLA ni kibla, TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri, WAQF ni wakfu, na SUQ ndilo soko. Niliacha kuwakaririsha orodha hiyo nilipogundua kwamba nikiwaandikia neno la Kiswahili ubaoni, wao wenyewe hulitafuta la Q mwenzake, na likishapatikana halisahauliki.

Sasa nifikie lile lililonichoma. Hakikisha orodha unayomfunzia mtoto ndiyo itakayotumiwa na waamuzi, na uhakikishe kwa macho yako, neno kwa neno, si kwa kuambiwa. Mwaka mmoja nilikuwa nimeichapisha orodha ya maneno mafupi kwenye saiba, kurasa chache safi zilizopangwa kwa urefu na kwa herufi, nikazitoa kopi na kuzigawa. Juu ya ukurasa hapakuandikwa imetoka wapi, nami sikuuliza. Vijana walizihifadhi zote. Tukapanda gari alfajiri kupitia Ahero na Kericho hadi Nakuru, na kijana wetu wa Kidato cha Tatu alikuwa ameishikilia karatasi yake mapajani njia nzima, ikiwa imeshachakaa kwenye mikunjo.

Katika mchezo wake wa mwisho alikuwa mbele kwa pointi chache, herufi zimekwisha kwenye mfuko. Ubaoni palikuwa na neno JOKE lililolazwa. Mpinzani wake, msichana mtulivu ambaye hakuwa ameinua macho tangu mwanzo, aliiweka Y chini ya K na A chini ya E. Kwa kulala ilisomeka YA, ambayo ilikuwa kwenye karatasi yetu. Kwa kushuka ilisomeka KY na EA, ambayo hayakuwemo. Kijana wetu aliisimamisha saa bila kusitasita na kuyapinga yote mawili. Wakaenda pamoja kwenye kompyuta ya waamuzi, yakaandikwa maneno, na skrini ikageuka kijani: yote halali. Kanuni ya mashindano yale ilikuwa kumkata mpingaji pointi 5 kwa kila neno alilolipinga bure, hivyo zikamtoka 10. Alishindwa mchezo ule kwa pointi 7. Alinijia na ile karatasi mkononi, akaninyooshea kidole mahali ambapo KY ingepaswa kuwa, akasema, "Mwalimu, haiko." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu aliifanya kazi yake yote na mimi ndiye niliyempa karatasi pungufu.

Orodha ile ilikuwa ya Marekani. Mchezo huu uliobuniwa na Mmarekani Alfred Butts mwaka wa 1938 una wamiliki wawili leo, Hasbro kwa Marekani na Kanada na Mattel kwa sehemu nyingine za dunia, na orodha za maneno nazo zimegawanyika. Yao ina maneno ya herufi mbili 107, yetu 127. Kinachofanya kosa hili liwe gumu kuligundua ni kwamba hayo 107 yote yamo pia katika yetu, kwa hiyo mtoto anaweza kucheza miezi sita bila neno lake hata moja kukataliwa. Orodha fupi haimwangushi anapoweka neno lake. Humwangusha siku anapolipinga la mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa kopi, tafuta CH, KY na ZO. Yakikosekana, hiyo ni ya Marekani. Kisha tafuta OK, EW na ZE, yaliyoingizwa kwenye Collins mwaka wa 2019. Ukiiona ZO bila ZE, umeshika kitabu cha zamani, na vitabu vya mitumba huwa hivyo mara nyingi. Kumbuka pia kwamba mwaka wa 2021 maneno kadhaa ya kudhalilisha watu yaliondolewa, kwa hiyo yasifunzwe hata kama yamo kitabuni. Wala usiitegemee michezo ya maneno ya kwenye simu, ambayo ina orodha zake yenyewe. Neno kukubaliwa na simu si ushahidi mbele ya mwamuzi. Mwandikie mwandaaji mapema umuulize ni orodha gani na toleo la mwaka gani, na neno linalopingwa bure lina adhabu gani, kisha uyasome majibu hayo mbele ya wachezaji wote.

Maneno ya herufi saba yaache yaje baadaye, ingawa ndiyo yenye zawadi ya pointi 50. Yafunze kwa kuzipanga herufi kialfabeti: mtoto akiiona AEINRST, aitoe RETAINS, NASTIER, STAINER, RETINAS na RETSINA bila kalamu. Mzazi anayehofia kwamba mtoto wake hana Kiingereza cha kutosha aelezwe habari za Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka wa 2015 bila kuweza kuzungumza Kifaransa, na za Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, mwaka huohuo.

Usiku wa kuamkia mashindano, karatasi zote zifungwe saa mbili na watu walale. Wale uji au chai nzito asubuhi, wasisubiri chakula cha ukumbini ambacho huchelewa. Nakuru asubuhi ni baridi kwa mtu aliyetoka Kisumu, kwa hivyo sweta zibebwe. Ulizia gari la kurudi kabla michezo haijaanza, uweke nauli kando, na nambari za wazazi ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji.