Kusafisha simtanki ya maji ya kunywa Dodoma, hatua kwa hatua

Maji mengi ya mjini Dodoma yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Yana chumvichumvi, na chokaa yake ndiyo inayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ladha hiyo usipambane nayo kwenye tanki. Klorini haiiondoi, na ukichemsha unaizidisha kidogo kwa sababu maji yanapungua, chumvi inabaki. Harufu ya tope au ya yai viza ni jambo jingine: hiyo inazaliwa ndani ya tanki lako, na unaweza kuimaliza.

Safisha mara mbili kwa mwaka: Novemba kabla ya mvua, baada ya miezi ya upepo na vumbi, kisha Mei mvua zikiisha. Panga siku kufuatana na mgao, tanki likiwa limebaki na maji kidogo.

Andaa brashi laini ya nailoni yenye mpini mrefu, sponji, ndoo mbili za plastiki, tochi, glavu za mpira, na klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70. Jiki ya asilimia 3.5 pia inafaa, mradi haina manukato.

Hatua ya 1: Toa tope. Funga koki ya kuingiza maji, fungua ya kutolea. Kwenye matanki mengi bomba la kutolea liko juu kidogo ya sakafu, kwa hiyo maji ya chini hayatoki. Mulika tochi: utaona vumbi jekundu limetulia kama uji. Lizoe kwa sponji na ndoo. Tope hili ndilo chanzo cha harufu ya yai viza, maana chini yake hakuna hewa, na bakteria wa huko hutoa gesi hiyo. Tanki dogo lifungue mabomba ulilaze. Kubwa likihitaji mtu kuingia, asiingie peke yake: mwenzake akae mdomoni muda wote, na dawa isiwemo ndani.

Hatua ya 2: Sugua. Pitisha kidole ukutani. Kikiteleza kama kimegusa mlenda, huo ni ute wa bakteria. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga jiki juu ya ute na tope, klorini inaishia kwenye uchafu, na baada ya wiki harufu inarudi. Sugua kuta zote, hasa mstari wa juu maji yanapofikia na nyuma ya boya. Brashi ya waya inakwaruza plastiki, na ute hujificha kwenye mikwaruzo. Sabuni ya unga iache, harufu yake haitoki upesi. Suuza, toa maji machafu yote.

Hatua ya 3: Tia dawa. Njia ya kawaida ni kujaza tanki: kwa lita 1,000 weka gramu 75 za klorini ya unga, au lita moja na nusu ya jiki. Fungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha saa 12, kisha mwaga. Hakikisha kila mtu nyumbani anajua asinywe.

Kwa mji wa mgao, kumwaga lita 1,000 kunauma. Tunapendekeza hii: kwenye lita 20 za maji tia gramu 6 za unga, au mililita 115 za jiki. Unga ndio uingie kwenye maji, si unga kumwagiwa maji. Acha machicha yatulie, tumia maji ya juu. Lowesha kuta na mfuniko kwa sponji, ziwe mbichi kwa dakika 30. Yanayobaki yapitishe kwenye mabomba. Suuza mara mbili.

Usichanganye klorini na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo. Inatoka gesi ya sumu.

Hatua ya 4: Linda. Mgao ukirudi, fungua kwanza bomba la uani mpaka maji yawe maangavu, ndipo uruhusu tanki lijae. Mdomo wa bomba la kufurikia ufunge kwa wavu wa mbu, na mfuniko ukae sawasawa. Mwanga ukipenya, ukijani unaota. Ukitaka kuongeza dawa kwenye maji ya kunywa, mililita 60 za jiki zinatosha lita 1,000. Subiri dakika 30.

Unayekinga mvua, maji ya kwanza yasiingie kabisa. Bati la mita za mraba 50 hutoa lita 50 kwa kila milimita ya mvua, na baada ya kiangazi kirefu mwaga walau lita 100. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 tu kwa mita, kwa hiyo weka pipa, si kipande cha bomba. Pipa hilo litobolewe tundu dogo chini lijikaushe lenyewe kabla ya mvua inayofuata.