Kabla ya kutembea ufukweni, tazama mwezi

Sisi tuliokuja Mombasa kusoma tukitokea Kigoma hatukuzoea maji ya kupwa na kujaa, kwa hiyo hili lilinichukua muhula mzima kulijua. Ukitaka kutembea kwa miguu ufukweni kutoka Nyali hadi Bamburi, anza na mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi, hujaa karibu saa kumi jioni. Basi toka saa mbili na nusu. Mchanga uliolowa ni mgumu, mguu hauzami, na zile kuta za hoteli zinazopigwa na mawimbi jioni utazipita pakavu. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa vivyo hivyo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, usijisumbue: hupwa kidogo tu, tena alasiri. Na ukishawishika kwenda hadi mwambani, geuka mapema, maana maji yakirudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako. Vaa raba. Kandambili zitakuaibisha.