Krisanthemamu Unguja: kuivusha masika ndo kazi

Assalaam alaykum wapenzi wa maua. Nimeombwa somo la krisanthemamu, mie nimeshazoea kuziita kirisi tu. Watu wanasoma maelezo ya Ulaya halafu wanahangaika bure. Huko linaloiua ni baridi na barafu, kwetu linaloiua ni masika, maana mizizi yake haitaki maji yaliyotuama hata kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nlikuwa na vyungu 6, nkaviacha uwani juu ya saruji, mvua ya Aprili ikapiga siku 4 mfululizo, mwezi wa 5 nkabaki na udongo mtupu.

Anza mwezi wa 6, kipupwe kishaingia. Usihangaike na mbegu, omba kipandikizi kwa mwenye nayo: ncha changa isiyo na ua, urefu kama sentimita 8, toa majani ya chini uichomeke kwenye mchanga mbichi kivulini. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Wiki 2 mpaka 3 imeshika mizizi.

Hapo ihamishie kwenye ndoo ya rangi uloitoboa matundu, si moja jamani, matano sita. Udongo mzuri, samadi ilokwisha kuoza, na usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) kidogo wa kulegeza, ila kama makumbi yalifukiwa pwani uoshe kwanza mara mbili tatu. Ipate jua la asubuhi, mchana kivuli.

Ikifika sentimita 15 ivunje ncha. Najua roho inauma lakini usipovunja utapata kijiti kimoja na ua moja, ukivunja inatoa matawi.

Sasa hapa ndo wengi hawapajui. Kirisi inahesabu usiku. Usiku ukiwa mrefu inatoa maua, na aina nyingi zinaanza mchana ukiwa chini ya saa 13 na nusu hivi. Sisi hapa mchana mrefu kabisa wa mwaka haufiki saa 13, kwa hiyo mche mdogo tu ushaanza vitumba, unabaki kibeti. Dawa yake iwashie taa katikati ya usiku, saa 4 ya usiku mpaka saa 8, kwa wiki 3 au 4 ipate kurefuka, halafu zima. Baada ya kuzima hesabu kama wiki 8 mpaka 10 utaona maua. Ukizima kwenye joto la kaskazi yanachelewa zaidi, usiku wa moto haiupendi.

Maua yakisha, kata mashina, bakisha kama kiganja. Kabla ya Machi kuisha pandisha vyungu juu ya matofali chini ya upenu, maji yawe unatia wewe si mvua, na chukua vipandikizi vichache vya akiba maana mche mkongwe haukawii kuchoka.

Suali (Wete): Majani yangu yana madoa juu, chini yake vipele vyeupe, nifanye nini?
Jibu: Hiyo kutu nyeupe. Chuma majani yote hayo uyachome, usiyatupe kwenye shimo la mbolea. Tia maji chini kwenye udongo, asubuhi, na vyungu viachane upepo upite.

Suali (Fuoni): Kisima chetu maji ya chumvi, ncha za majani zinaungua.
Jibu: Kinga maji ya mvua kwenye pipa dada, hakuna ujanja mwengine.

Suali (London): Ami mie niko Uingereza, huku baridi kweli, naiweka sebuleni karibu na hita?
Jibu: Usithubutu mwanangu. Ikisha maua kata mashina ubakishe sentimita 10 au 15, weka chungu mahala pa baridi penye mwangaza pasipofika barafu, kibanda cha bustani chenye dirisha kinatosha. Maji kidogo sana, udongo usikauke kabisa basi. Machi ikitoa machipukizi chini ndo ukate vipandikizi vipya. Kama ilopandwa ardhini ni aina ya kustahamili baridi, ifunike shina kwa majani makavu.

Suali (Mwera): Paka wangu anaitafuna.
Jibu: Ipandishe juu, inamdhuru, atatapika.

Suali (Mwera tena): Na kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, inaingia?
Jibu: Hahaha, inanuka majani machungu dada, utamkimbiza bwana. Bakia na asumini na mkilua wako.