Kutabiri na kutaja mashapo: anza na ioni

Mpwa wangu anajiandaa na kemia ya vitendo ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda), na nilimkuta akikariri jedwali zima la umumunyifu, yaani chumvi ipi huyeyuka majini na ipi haiyeyuki. Kazi bure. Ili kutabiri mashapo, yaani kitu kigumu kisichoyeyuka kinachotokea miyeyusho miwili ikichanganywa, fuata hivi.

Hatua ya 1. Andika ioni (chembe zenye chaji) za miyeyusho yote miwili, kisha zibadilishie wenzi. Nitreti ya risasi na iodidi ya potasiamu zitakupa nitreti ya potasiamu na iodidi ya risasi.

Hatua ya 2. Futa inayoyeyuka. Nitreti zote huyeyuka, na chumvi za kawaida za sodiamu, potasiamu na amoniamu vilevile. Imebaki iodidi ya risasi: mashapo ya manjano. Kloridi na salfeti nyingi huyeyuka, kwa hiyo kariri vighairi tu: kloridi ya fedha na ya risasi, salfeti ya bariamu na ya risasi. Kabonati na haidroksidi nyingi haziyeyuki.

Hatua ya 3. Taja kwa ukamilifu. Haidroksidi ya chuma(II) ni ya kijani na juu hugeuka kahawia ikipigwa na hewa. Ya chuma(III) ni ya kahawia nyekundu tangu mwanzo. Ukiandika "haidroksidi ya chuma" tu, hujajibu.

Hatua ya 4. Changanya, tone kwa tone. Wengi huanguka hapa. Aluminiamu, zinki na risasi zote hutoa mashapo meupe kwa haidroksidi ya sodiamu, na yote huyeyuka ikizidi. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, neli inabaki angavu nawe unaandika "hakuna mashapo", wakati yalikuja yakapita. Dondosha, tikisa, tazama, andika, ndipo uzidishe. Kisha chukua sampuli mpya utumie amonia: ya zinki peke yake ndiyo huyeyuka ikizidi. Aluminiamu na risasi zitenganishe kwa iodidi ya potasiamu. Manjano ni risasi.

Tahadhari: kabonati ya sodiamu kwenye chumvi ya aluminiamu haikupi kabonati ya aluminiamu, hata karatasi ikisema hivyo. Utaona mapovu ya kaboni dioksidi, na mashapo ni haidroksidi.

Na tafadhali, maji yaliyotoneshwa. Ya bomba yana kloridi, hivyo nitreti ya fedha inaweza kutia ukungu mweupe hata kabla hujaweka sampuli.